Ngozi ya Lengelenge Usiibandue
Mazungumzo na waongoza wageni, walimu na vijana wa matembezi, Konde, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Wazee wangu, walimu wetu, ndugu zangu mnaoongoza wageni katika msitu wa Ngezi na ufuko wa Vumawimbi, na nyinyi vijana ambao ndio wengi humu ndani, ahsanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya miguu baada ya safari ndefu, na khasa juu ya malengelenge. Naelewa kwamba wapo walioona ni jambo dogo mno la kuitishia watu kikao. Lakini mimi ni muuguzi, na vidonda vingi vya mguu ninavyovifunga vimeanzia kwenye kiatu. Lengelenge limetoka, mwenyewe kalibandua, kaliwacha wazi, kaendelea na shughuli zake, na siku ya nne au ya tano analetwa amekaa nyuma ya pikipiki kwa sababu hawezi tena kukanyaga.

Neno langu kubwa la leo ni moja na nitalirudia mpaka mnichoke: ile ngozi ya juu ya lengelenge usiibandue.

Nianze na namna lengelenge linavyofanyika, kwa sababu ukilijua hilo matibabu yake yote yanaeleweka. Unapotembea, mfupa wa kisigino unakwenda mbele na kurudi nyuma kila hatua. Ngozi ya nje imeshikwa na soksi, soksi imeshikwa na kiatu, kwa hiyo ngozi haiendi pamoja na mfupa. Yaliyo baina yao ndiyo yanayovutwa huku na huku. Tandikeni mikeka miwili, mmoja juu ya mwengine, kisha watoto wakimbie juu yake: wa juu unasogea, wa chini umebaki pale pale. Hatua moja haidhuru kitu. Zikishafika hatua elfu kadhaa, seli za tabaka la kati la ngozi zinachanika, panafunguka nafasi, na maji ya mwili yanaingia kuijaza.

Maji yale si uchafu. Watu wengi huniambia "nimeyatoa yale maji mabaya", na mimi huwaambia kwamba ni majimaji ya mwili yenyewe, yametokana na damu, na lengelenge likiwa halijapasuka ndani yake ni safi kuliko kitu chochote tutakachokipaka juu. Na mpasuko wenyewe umo ndani ya ngozi ya juu, haujafika kwenye nyama. Ndiyo maana lengelenge lililotunzwa likapoa kwa kawaida haliwachi kovu.

Kwa nini lishike kisigino, wayo na vidole, lisishike mgongo wa mkono? Ngozi nyembamba ikisuguliwa huchubuka ikaisha. Ngozi ya wayo ni nene na imeshikamana sana na kilicho chini yake, basi ikivutwa hupasukia ndani. Ongeza na jambo la pili: ngozi yenye unyevunyevu husuguana zaidi kuliko ngozi kavu. Nyinyi mnaopita Ngezi mnajua hali ya mule ndani, jasho halikauki. Mkitoka hapo mnaingia mchanga wa Vumawimbi, na chembe za mchanga zinaingia ndani ya soksi iliyokwisha kulowa. Mtu aliyekuja na kiatu kipya na mkoba mzito mgongoni, sioni ajabu akifika rasi ya Kigomasha anachechemea.

Sasa tazameni mwili unavyofanya kazi. Yapata saa 6 tangu lengelenge kutoka, seli za chini tayari zimeanza kuvuta chakula cha kujijenga upya. Kufika saa 24 zinagawanyika kwa kasi kubwa. Kwenye saa 48 limeshaanza kurudi tabaka jipya, na kwenye saa 120, yaani siku ya 5, ngozi ngumu ya juu imeanza kuwepo tena. Kazi hiyo yote inafanyika chini ya kifuniko. Wewe ukija siku ya kwanza ukakivua kile kifuniko kwa kucha, umewaanika mafundi juani kabla hawajamaliza, na mlango umeuwacha wazi kwa kila kijidudu kilichoko kwenye kiatu, kwenye vumbi na kwenye kidole chako mwenyewe.

Mwaka 1968 madaktari wa ngozi wa Marekani walichapisha majaribio yao ya kutibu malengelenge ya msuguano. Walitoa maji kwa nyakati tofauti wakatazama lipi linapona vizuri zaidi. Lililofanya vizuri ni lile lililotolewa maji mara 3 katika saa 24 za mwanzo, na kifuniko kikaachwa mahala pake, kwa sababu ngozi ya juu ilirudi ikashikana na ya chini. Kumbukeni hiyo mara tatu. Wengi wetu tukitoa maji mara moja na lengelenge likajaa tena jioni, tunakasirika na kuling'oa lote. Kujaa tena ni kawaida yake. Lirudie kwa usafi ule ule.

Tuje kwenye matibabu yenyewe, na hapa naomba walimu waandike.

Jambo la kwanza ni kuamua kama unalitoboa au huligusi. Lengelenge dogo lisiloumiza, au lililo mahala pasipokanyagiwa, liwache. Lioshe kwa maji na sabuni, likaushe kwa kuligusagusa bila ya kusugua, lifunike. Kama kiatu kinaligonga, kata kipande cha sponji safi au kunja shashi kadhaa, vile vitambaa vyepesi vya kufungia vidonda, toboa tundu katikati kwa ukubwa wa lengelenge, uzungushie, ili uzito ukae pembeni na penyewe pasiguswe. Halafu juu yake plasta. Kwa mtu anayeweza kupumzika siku mbili tatu, hayo yanatosha.

Lengelenge kubwa, limejaa, linauma kila hatua, na mtu bado ana safari mbele yake, hilo hupasuka lenyewe ndani ya kiatu, tena vibaya. Afadhali ulitoe maji wewe kwa utaratibu. Osha mikono yako kwa sabuni. Osha mguu mzima, siyo lengelenge tu, kwa sababu uchafu uliopo baina ya vidole ndio utakaohamia. Tumia sindano mpya iliyomo ndani ya pakiti yake, duka la dawa wanayo na bei yake ni ndogo. Ikiwa huna kabisa, chukua sindano ya kushonea, uichemshe katika maji yanayotokota au uifute vizuri kwa spiriti. Kuichoma kwenye koroboi ikatoka na masizi meusi, halafu ukamchoma nayo mtu, hilo silikubali.

Pafute pahala penyewe kwa spiriti, maana hapo ngozi bado ni nzima. Toboa pembezoni, upande wa chini, ambako maji yatashuka yenyewe, tundu mbili au tatu. Sindano ilale, isisimame, maana ikisimama inafika kwenye ngozi changa ya chini na mgonjwa ataruka. Kandamiza taratibu kwa shashi safi mpaka maji yaishe. Ngozi ya juu italala kama ilivyokuwa. Iwache ilale. Paka mafuta ya mgando kidogo, weka shashi isiyogandana na kidonda, funga. Badilisha kila siku, na kila inapolowa.

Juu ya hayo mafuta ya mgando nina ombi kwa akina mama hasa. Lile kopo la nyumbani ambalo kila mtu anatia kidole, mtoto akipaka pua na baba akipaka visigino, lisitumike kwenye kidonda. Nunueni kopo dogo liwekwe mbali, likitumika litumike kwa kijiti safi au pamba.

Ipo desturi ya kupitisha uzi ndani ya lengelenge na kuuwacha ili maji yachuruzike. Nimeiona kwa vijana wa michezo na kwa waliopita mafunzo ya kambini. Uzi huo unavuta maji kutoka ndani, na unavuta vijidudu kutoka nje kwa njia ile ile. Tundu za sindano zinatosha.

Lengelenge lenye damu ndani yake msilitoboe. Lilindeni tu, mpumzike, lenyewe litanywea. Na lile lililokwisha kupasuka, tazama kama kifuniko bado kipo. Kikiwepo, osha, kinyooshe kwa shashi yenye maji safi kirudi pale pale, funika. Kata kwa mkasi safi kile kipande kilichokunjika na kukauka, kisizidi hapo. Kifuniko kikiwa kimekwenda zake na imebaki nyama nyekundu, hapo pana maumivu makali na panahitaji uangalizi: maji safi ya kunywa yanayomiminika, mafuta ya mgando ya kutosha ili shashi isishike, shashi, bendeji. Wapo wageni wanaokuja na plasta nene za jeli zinazokaa juu ya kidonda siku kadhaa. Ni nzuri sana kwa hali hii, mradi kidonda hakina usaha. Mgeni akikupa baki yake, itunze.

Hapa najua nitapingwa na wazee, na nawaomba radhi kwa heshima zote. Tumelelewa kwamba kidonda kiwachwe wazi kipate hewa, kikauke, kifanye gamba. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwa majaribio aliyofanya kwa wanyama kwamba mkwaruzo uliofunikwa ukabaki na unyevunyevu wake uliota ngozi mpya kwa karibu nusu ya muda wa ule uliowachwa ukauke. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Ngozi mpya inatambaa kutoka pembeni kuelekea kati, na gamba gumu ni kikwazo mbele yake, inabidi ipite chini kwa chini. Tangu hapo wauguzi duniani wamebadilisha namna ya kufunga vidonda. Nami ninayaona hayo kwa macho yangu kila mwezi: mguu uliofunikwa vizuri unapoa mapema na hauumi sana. Ila unyevunyevu wa kidonda ni mbali na uchepechepe wa soksi iliyolowa jasho. Bendeji iliyolowa ivuliwe siku hiyo hiyo.

Na yale tunayoyapaka juu! Dawa ya meno, majivu, unga wa kahawa, mafuta ya taa. Bibi zetu walitumia kilichokuwepo, na walituponya kwa mapenzi yao, Mwenyezi Mungu awarehemu. Leo sabuni ipo na shashi ipo. Majivu na kahawa vinaingia kwenye kidonda na havitoki, na mimi ndiye ninayevichokoa huku mtoto analia. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi changa. Spiriti nayo, iliyo nzuri juu ya ngozi nzima kabla ya kutoboa, ikimwagwa juu ya nyama tupu inaua zile zile seli ambazo tumesema zinajenga.

Linalonisikitisha zaidi ni la kapsuli. Mtu ananunua kapsuli za rangi mbili, anazifungua, anamwagia unga kwenye kidonda. Ule unga umetengenezwa uingie tumboni. Juu ya kidonda unaganda, unaweza kuleta mzio, na unawafundisha vijidudu kuizoea dawa, ili siku mtoto wako akiugua kweli dawa ile isimsaidie. Lengelenge lisilo na usaha halihitaji antibayotiki ya aina yoyote.

Bahari pia. Kila anayemaliza matembezi Vumawimbi huvua viatu akaingiza miguu majini, na hakuna raha kama hiyo. Kama ngozi yako ni nzima, ingia. Kama una lengelenge lililopasuka, usiingie. Maji ya bahari yetu ni ya vuguvugu na yana vijidudu vyake vinavyopenda joto hilo, mbali na mchanga na vipande vya matumbawe. Chumvi haiyageuzi kuwa dawa. Ukitaka maji ya chumvi, chemsha maji nyumbani, tia chumvi kidogo, yapoe, uoshee.

Mwalimu mmoja ameniuliza kabla ya kikao: na udhu je? Ni suali zuri, maana tunaosha miguu mara tano kwa siku na wapo wanaofungua bendeji kila sala mpaka kidonda hakipati kupumzika. Katika fiqhi ipo rukhsa kwa mwenye kidonda kilichofungwa, kupangusa juu ya bendeji. Masharti yake, na lini mtu atatayamamu, yaani kujipangusa kwa udongo safi, pamoja na kupangusa bendeji, hilo ni la masheikh wetu na naomba mwende mkawaulize, msije mkachukua fatwa kwa muuguzi. La kwangu mimi ni hili: dini imetupa wepesi, tusijifanyie uzito mpaka mguu uoze. Na kwa wenye miguu mizima, baada ya udhu kausheni baina ya vidole kabla ya kuvaa soksi. Hapo ndipo ngozi inapolainika na fangasi wanapoanza, na ngozi iliyolainika ndiyo inayotoa lengelenge haraka.

Sasa nizungumzie hatari, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri.

Mwaka 1924 rais wa Marekani alikuwa Calvin Coolidge. Mwanawe, aliyeitwa Calvin kama baba yake, alikuwa na miaka 16. Alicheza tenisi na ndugu yake kwenye uwanja wa ikulu, amevaa viatu bila ya soksi. Likamtoka lengelenge kwenye kidole cha mguu. Hakulijali. Siku chache baadaye alikuwa na homa, vijidudu vimeingia kwenye damu, na tarehe 7 Julai mwaka huo alifariki. Mtoto wa rais, na madaktari bora wa nchi ile wamemzunguka. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa, ilikuja kugunduliwa mwaka 1928. Leo dawa tunazo, lakini dawa humsaidia aliyekuja mapema. Wazee wetu walikwisha kusema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Vitabu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe na vinakwambia utazame wekundu unaoenea. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona pahala pamekuwa peusi zaidi kuliko jirani yake, au pana rangi ya zambarau, pamevimba na kung'aa. Kwa hiyo tumieni mkono. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya kidonda, kisha mguu wa pili pahala kama hapo. Kama upande mmoja una moto kuliko wa pili, hiyo ni dalili. Maumivu yanayozidi baada ya siku mbili badala ya kupungua ni dalili. Usaha, harufu, mstari unaopanda kuelekea gotini. Mtoki kwenye kinena. Homa au kutetemeka. Ukiona hata moja katika haya usisubiri asubuhi, nenda kituo cha afya.

Wenye sukari mlango wenu ni wa peke yake. Sukari ya muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mtu akatembea na lengelenge, hata na msumari, asihisi. Na damu haifiki vizuri, kidonda hakiponi. Mwenye sukari asitoboe lengelenge lake nyumbani, dogo au kubwa. Aje kituoni. Na kila usiku kabla ya kulala atazame nyayo zake, na kama macho yamepungua nguvu mjukuu amtazamie. Naona furaha sana ninapoingia nyumba nikakuta mjukuu ameshika mguu wa babu yake na taa mkononi.

Nawakumbuka pia ndugu zetu wenye matende. Visiwa hivi vilianza kugawa dawa ya kukinga ugonjwa huo kwa watu wote mwaka 2001, na watoto wa leo hawauoni kama tulivyouona sisi. Lakini wapo wazee ambao miguu yao ilikwisha kuvimba, na kwao kila mchubuko ni mlango wa vijidudu, kila shambulio la homa linauongeza mguu. Kuosha kwa sabuni kila siku, kukausha kwenye mikunjo, na kiatu kisichobana, hayo ndiyo yanayowapa nafuu.

Pepopunda msiisahau. Akina mama huchanjwa wanapokuwa na mimba. Akina baba, chanjo nyingi zenu ni zile za utotoni. Mwenye kidonda kilichoingia udongo au samadi na hakumbuki chanjo yake ya mwisho, aulize kituoni.

Kuhusu kinga sitasema mengi, maana nyinyi waongozaji mna uzoefu wa njia kuliko mimi. Kiatu kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutembea, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kiatu kipya kivaliwe nyumbani na madukani kwanza. Watoto wetu wanavalishwa viatu vya sikukuu asubuhi ya Idi na jioni wanarudi wamevibeba mkononi, na Jumatatu hawaendi skuli. Wapeni siku chache kabla wavizoee. Kama kisigino kinapanda na kushuka, funga kamba mpaka tundu la mwisho juu. Soksi ya pamba tupu inakunywa jasho na inabaki nalo. Iliyochanganywa nyuzi za kutengenezwa hukauka mapema zaidi. Soksi mbili, nyembamba ndani na nene nje, zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na ngozi inapona. Kwenye mitumba zipo nyingi, mradi zichemshwe. Na chukueni za kubadilisha, mkitoka msituni kabla ya kuingia mchangani kaeni chini, kung'uteni viatu, vaeni kavu.

Kuna jambo la gharama ndogo ambalo nalipenda sana. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi waliofanya kwa wakimbiaji 128 wa mbio za kilometa 250 zinazokimbiwa kwa siku kadhaa. Walibandika plasta ya karatasi, ile nyepesi tunayoshikizia bendeji hospitalini, kwenye sehemu za mguu zinazotoa malengelenge, kabla ya kuanza. Malengelenge yalipungua kwa asilimia 40. Plasta ile ni rahisi, haivuti ngozi ikibanduliwa, na inapatikana mjini Wete na Chake Chake. Ibandikwe asubuhi mguu ukiwa mkavu, bila ya mikunjo.

Wanaopaka mafuta kabla ya kutembea, jueni kwamba yanasaidia mwanzoni tu. Baada ya saa chache msuguano unarudi, na unaweza kuzidi ule wa mwanzo, kwa sababu mafuta yanaifanya ngozi ishike maji. Kwa safari fupi sawa. Kwa siku nzima, afadhali plasta.

Na lililo kubwa kuliko yote katika kinga ni kusimama. Kabla ya lengelenge kutoka, pahala panawaka moto. Kila mtu anapahisi. Dakika hiyo ndiyo ya kuvua kiatu, kukausha na kubandika plasta. Lakini vijana hawasimami kwa sababu wanaona haya mbele ya wenzao, na mgeni hasimami kwa sababu hataki kuchelewesha kundi. Kwa hiyo wewe unayeongoza ndiye utakayesimamisha. Baada ya nusu saa ya mwanzo, waambie wote wakae, kila mtu atazame visigino vyake. Usimuulize mtu mmoja mmoja kama anaumwa, maana atasema haumwi. Wakivua viatu wote hakuna wa kuona haya. Walimu wanaotoka na watoto wa skuli nawaomba wafanye vivyo hivyo, kwani mtoto wa kiume wa darasa la sita atakufa kiume mpaka soksi igande na damu.

Katika mkoba wa kila kundi kuwe na sabuni, chupa ya maji safi ambayo haiguswi kwa kunywa, shashi zilizofungwa, plasta ya karatasi, bendeji, mkasi, sindano mbili tatu kwenye pakiti zake, kopo dogo la mafuta ya mgando na spiriti. Sindano ikitumika kwa mtu mmoja isiguse mtu wa pili, itiwe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko na iletwe kituoni. Msizitupe msituni, kuna watu wanapita peku.

Mtu arudi lini njiani? Pale anapobonyeza kwa kidole penye lengelenge na pasiume, na ngozi mpya imekauka, hata kama bado ina rangi ya waridi au imepauka. Kwa wengi ni siku tano hadi wiki moja. Kifuniko cha zamani wakati huo kitakuwa kimekauka na kinajitoa chenyewe. Hapo sasa, kama kinakusumbua, kata kwa mkasi. Wiki ya mwanzo abandike plasta juu ya ngozi changa na asichukue mzigo mzito.

Nimemaliza yangu. Nimekuja na sindano safi na shashi za kutosha, na mwalimu ametupa chumba cha pili chenye maji. Wenye miguu ya kuonesha wabaki, tutaanza na wazee na wenye sukari, kisha waongozaji, kisha vijana. Mwenye suali ambalo hataki kuliuliza mbele za watu naye abaki, nipo mpaka adhana ya alasiri.